Luhende Hatanyongwa

Shija, mdogo wangu,

Luhende hatanyongwa.

Nimeanza na hilo kwa sababu kila nilipojaribu kuanza na salamu na habari za nyumbani, mkono uliandika mambo ya mvua na mtama huku moyo uko kwingine. Basi lichukue kwanza. Rais amewabadilishia adhabu baadhi ya wafungwa waliohukumiwa kifo, na Luhende yumo. Hatoki. Atakaa ndani maisha yake yote. Lakini hawatamnyonga tena, na mimi dada yako nilichangia, au nadhani nilichangia, na ndiyo maana nakuandikia nikiwa sina amani.

Usikasirike kabla sijamaliza. Ulikuwa na tabia hiyo ya kunyanyuka mtu akiwa katikati ya maneno. Leo kaa.

Nitaeleza hata yale unayoyajua, maana nataka yakae mahali pamoja, na sijawahi kumsimulia mtu yeyote kwa mpangilio.

Wewe na Luhende mlikua kama mliozaliwa pamoja. Mlichunga pamoja, mkachapwa pamoja kwa ng'ombe kuingia kwenye shamba la pamba la watu, na akilala kwetu baba alikuwa hamwulizi kama mama yake anajua. Mlipokuja Rwamgasa kutafuta dhahabu, mimi nilikuwa nimeshatangulia na masufuria yangu, napika chakula cha wachimbaji chini ya turubai. Mlifika mna begi moja la wawili. Mkaingia kwenye duara moja, shimo lenu la kuchimbia, mkashuka na kupanda kwa kamba moja, mkawa mnakuja kwangu mmepauka vumbi mpaka kwenye kope, nami nikiwafukuza mkanawe kwanza. Wewe ulikuwa unanawa mikono tu halafu unasema uso si chombo cha kulia.

Halafu Luhende akaanza pombe. Akashuka shimoni mara mbili amelewa, na mara ya pili nusura aangushe nguzo inayozuia udongo, mkiwa watu watano chini. Ukamwambia mwenye duara. Hukumficha Luhende, ulimwambia mbele yake. Akaondolewa. Na wiki hiyohiyo, kama vile ardhi ilikuwa inamsubiri aondoke, mkafika kwenye mwamba wenye dhahabu.

Asubuhi moja akaja kwangu. Ulikuwa umekaa kwenye benchi unasubiri chai. Alisimama mbele yako, macho mekundu, akasema kwa Kisukuma kwamba atakuua. Alilitamka wazi. Wateja wawili waligeuka. Wewe ukacheka, ukasema, "Basi ngoja nile kwanza, nisife na njaa." Ukasogea kwenye benchi. Akabaki amesimama kidogo, halafu akakaa. Nikaleta wali na maharage, sahani moja, kwa sababu sahani zilikuwa chache, mkala nyote wawili. Hamkuzungumza. Lakini mlikula mkamaliza, na aliyekomba mchuzi ni yeye.

Siku ya tatu, mchana, mlikutana kwenye karasha mnakosagia mawe. Sikuwepo mlipoanza kugombana. Niliitwa. Nilipofika ulikuwa chini, na Luhende amepiga magoti pembeni yako ameshika kichwa chake mwenyewe, na mpini wa sururu uko kati yenu. Alikupiga mara moja. Wote waliokuwepo walisema hivyo, mara moja tu. Tulikupakia kwenye pikapu tukupeleke Geita, kichwa chako kwenye mapaja yangu, nikawa nakuita jina. Katoro hatukuifikia ukiwa hai.

Hayo unayajua. Sasa sikia usiyoyajua.

Kesi ilipofika Mahakama Kuu niliitwa kutoa ushahidi. Nilivaa lile gauni la kitenge ulilonisifia. Wakili wa Serikali akaniuliza kama niliwahi kumsikia mshtakiwa akikutishia. Nikasema ndiyo, nikataja maneno yenyewe, nikayatafsiri. Jaji akaandika. Halafu akasimama wakili wa Luhende, kijana mwenye sauti ya upole, akaniuliza, "Shahidi, baada ya kusema maneno hayo, mshtakiwa alifanya nini?"

Shija, nilijua anachotafuta. Nilimwona Luhende kule kizimbani ananitazama, amekonda, na nilijua yeye ndiye aliyemwambia wakili habari ya benchi na sahani. Nikakumbuka uzito wa kichwa chako. Nikasema, "Aliondoka."

Wakili akarudia, "Aliondoka mara moja?"

"Aliondoka."

Basi. Neno moja nililosema mara mbili. Wale wateja wawili hawakupatikana tena, watu wa machimbo, kila mtu alishahamia kwenye rashi nyingine, kulikosikika dhahabu mpya. Siku ya hukumu jaji alisoma kwa muda mrefu, na pale kwenye nia ya kuua alilitaja lile tishio, na akanitaja mimi, kwamba shahidi huyu alikuwa mkweli na hakuyumba. Halafu akasema atanyongwa mpaka afe. Baba alinishika bega. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike kuniona kama mtu. Mama yake Luhende hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Wamesema lini?"

Aliyejua kuliko wote kwamba nilidanganya ni Luhende, na hakupiga kelele. Rufaa ilisikilizwa, ikatupwa.

Nilirudi nyumbani Kishapu na watoto wangu kumtunza baba, maana mama alikuwa ameshatutoka zamani na nyumba ilikuwa inamshinda. Miaka ikaenda. Neema sasa yuko kidato cha tatu. Shamba la bondeni tunalima mpunga, na ile njia uliyokuwa unapita kwenda kisimani imezibwa na nyumba ya mwalimu. Mama Luhende anakaa palepale kwake, ng'ambo ya mfereji. Tulikuwa tunakwepana. Akiwa kisimani mimi nageuza. Nikiwa mashineni yeye anaweka ndoo yake nyuma ya mlango mpaka niondoke. Kanisani anakaa upande wa wanaume ili asikae mstari wangu.

Mwaka jana, kiangazi, nilikuwa uani napasua viazi vya kukausha michembe, nikaona kivuli. Ni yeye. Nikasimama. Nilimwamkia, "Shikamoo, mayu," kwa sababu mdomo ulishazoea kumwita mama tangu utoto. Akaitikia marahaba, akakaa chini kwenye vumbi, hakungoja kigoda.

Akasema, "Mama Neema, sijaja kuomba umsamehe. Hilo siwezi kuliomba. Nimekuja kuomba uandike."

Akanieleza. Kule gerezani walikuwa wamewaambia wafungwa wa kifo kwamba kuna kamati inayomshauri Rais, na kwamba majalada yao yatapitiwa. Ndugu wanaweza kupeleka maelezo. Yeye amepeleka ya kwake, kaandikiwa na katekista. Lakini neno la mama wa muuaji ni neno la mama wa muuaji.

"Niandike nini?" nikamwuliza.

"Andika alichofanya baada ya kusema."

Kisu kilikuwa mkononi. Nilikiweka chini. Kumbe alijua miaka yote. Luhende alimwambia siku ya kwanza alipokwenda kumwona, na akamkataza kunijia. Yule mama amepishana nami kisimani miaka yote hiyo akiwa na jambo hilo kifuani, na hajawahi kulisema kwa mtu.

Alinyanyuka, akakung'uta gauni, akaenda zake.

Niliogopa, nikwambie kweli. Kuidanganya mahakama ni kosa, na nina watoto. Nilimwogopa baba pia. Na nilikuogopa wewe. Nilikuwa najiuliza, nikimwombea huyu uhai, nitakwenda kupalilia kaburi la Shija kwa uso gani? Wiki mbili sikuandika. Halafu siku moja niliona Mama Luhende anatoka shambani amebeba kuni, akapumzika njiani mara tatu kabla ya kufika kwake, nikatambua kuwa amezeeka, na kwamba akifa kabla, hakuna atakayekuja tena kuniomba. Ningekuwa salama. Wazo hilo la kuwa salama ndilo lililonitisha kuliko mengine yote.

Nikaandika. Nilichana karatasi nne. Ya tano nilisema mimi ni dada wa marehemu, nilisema mahakamani kwamba mshtakiwa aliondoka, na haikuwa kweli, alikaa akala na marehemu sahani moja. Nikasema sijui siku ya karasha alikuwa na nini moyoni. Nikasema naomba asiuawe. Nikaandika jina langu lote. Mama Luhende akaipeleka mwenyewe gerezani Mwanza kwa basi, ameifunga kwenye kitambaa ndani ya sidiria.

Hakuna aliyekuja kunikamata. Hakuna aliyejibu. Miezi mingi. Nikaanza kufikiri barua ilikuwa imetumika kufungia karanga.

Halafu siku moja baba alikuwa anasikiliza taarifa ya habari kwenye ile redio uliyomletea kutoka Katoro, yenye mkanda, hataki nyingine. Mtangazaji akasema Rais ametoa msamaha, na kwamba wapo waliohukumiwa kunyongwa ambao sasa watatumikia kifungo cha maisha. Majina hakutaja. Baba akaipunguza sauti.

"Wamemwonea huruma nani?" akasema. "Sisi walituuliza?"

Siku tatu hatukujua. Ya nne, nikiwa nafua, nikasikia ukunga kutoka ng'ambo ya mfereji. Nilidhani kuna msiba. Nikakimbia na mikono ya sabuni. Nilimkuta Mama Luhende amekaa mlangoni ameshika simu ya jirani kwa mikono miwili, analia na kucheka, akaniona, akasema, "Yumo. Yumo, Mama Neema." Nikakaa karibu naye. Sikufurahi, Shija. Sikusikitika pia. Nilifuta sabuni mikononi.

Walikuwa wengi waliobadilishiwa. Kwa hiyo sitajua kamwe kama barua yangu ilisomwa hata mstari mmoja.

Jioni nilimweleza baba. Nilimwambia niliandika kuomba asinyongwe. Habari ya uongo wangu sikumwambia, nilishindwa. Akasema, "Mwanangu atarudi lini?" Akarudia, "Nakuuliza. Huyo wao amepewa miaka yake. Wa kwangu atarudi lini?" Kuanzia siku hiyo akaacha kula chakula changu. Anapika mwenyewe, mzee wa umri ule, ugali una madonge, anakula na maziwa amegeukia ukutani. Neema akimpelekea mboga anasema ameshiba.

Mama Luhende akaniomba nimsindikize gerezani Mwanza. Nilikwenda. Nilijiambia ni kwa sababu macho yake hayaoni vizuri kupanda basi, lakini nilitaka kumwona. Nilitaka aniambie, "Dada, umeniokoa, sikukusudia." Nilikuwa nimeyatengeneza kabisa maneno hayo kichwani mwangu, njia nzima.

Walitupekua, tukakaa kwenye benchi, wakamleta. Ana mvi. Luhende, Shija, ana mvi! Wewe huna. Aliniamkia, "Shikamoo, dada Minza," akaangalia chini. Akazungumza na mama yake kwanza, akamwuliza habari za kisima na mbuzi. Akasimulia siku waliposomewa. Askari waliingia asubuhi wengi kuliko kawaida, na kule walikokuwa, askari wakiingia wengi asubuhi kila mtu anahesabu pumzi zake. Wakapangwa mstari. Mzee mmoja akajikojolea. Ndipo wakasomewa kwamba ni msamaha. Akasema hakuna aliyeshangilia, walibaki wamesimama tu, kama hawakusikia. Sasa amehamishiwa kwa wafungwa wengine, anafundishwa ushonaji. "Cherehani inanishinda," akasema. "Nimezoea kutopanga kesho. Sasa naambiwa nina kesho nyingi, sijui niziweke wapi."

Nikamwambia nililokwenda nalo. Nikasema, "Luhende, nilidanganya. Nisamehe. Ulikaa ukala."

Akatikisa kichwa. "Dada, usijibebeshe," akasema. "Nilikaa nikala, ni kweli. Siku ile pale kwako hasira ilipungua. Lakini kwenye karasha ilirudi. Nilipoinua ule mpini, nilitaka afe. Kwa muda wa kuuinua na kuushusha, nilitaka. Alipoanguka tu sikutaka tena."

Mama yake aliziba mdomo kwa kanga.

Nikamwuliza, "Mahakamani ulisema nini?"

"Nilisema sikukusudia. Tulidanganya wote wawili, dada. Wewe ulipunguza, na mimi nilipunguza." Halafu akasema jina lako. Akasema, "Shija alikuwa na haki kuniondoa kwenye duara. Ningewaua watano." Askari akasema muda umekwisha.

Sikulia pale. Nililia kwenye basi, mpaka kondakta akaniuliza kama nimefiwa, nikasema ndiyo, akaniuliza lini.

Unaona nilivyo sasa. Nilipoandika ile barua nilidhani namwokoa mtu aliyeonewa na ulimi wangu. Kumbe nimemwombea uhai mtu ambaye alitaka ufe, hata kama ilikuwa kwa muda wa mkono kushuka. Nimejiuliza, ningejua hivyo, ningeandika? Nimejiuliza nikipika, nikipalilia, na kanisani padri akihubiri mambo mengine kabisa. Jibu langu ni kwamba ningeandika, lakini ingenichukua karatasi nyingi zaidi ya tano. Sitaki anyongwe. Sitaki asimame kwenye ule mstari akihesabu pumzi. Lakini kumsamehe, bado. Nimegundua hivyo ni vitu viwili, na nilikuwa nimevichanganya.

Jumapili iliyopita nilimfuata baba zizini. Nilimwambia yote, kuanzia benchi mpaka "aliondoka", mpaka aliyosema Luhende. Alikuwa anamfunga ndama. Hakuacha kufunga mpaka nilipomaliza.

Akauliza, "Alimtaja jina?"

"Alimtaja."

Halafu akasema, "Ungesema ukweli wote siku ile, ningekufukuza kwangu. Nisikudanganye. Ningekufukuza." Akapapasa mgongo wa ndama. "Sasa umesema, na sina tena nguvu ya kumfukuza mtu."

Nikamwuliza kama amemsamehe Luhende.

"Rais ametoa wake," akasema. "Mimi wangu sijautoa."

Bado anapika mwenyewe. Lakini jana alimtuma mtoto kuniomba chumvi, na chumvi anayo, niliiona.

Ndivyo tulivyo, Shija. Siwezi kukuandikia kwamba mambo yametulia. Nakuaga hapa kwa sababu Mama Luhende ananisubiri, leo namsaidia kuvuna karanga zake. Ulale pale ulipolala, na kama huko mnajua tunayoyafanya, usinione nimekusaliti. Na ukiniona hivyo, nitavumilia.

Ninakuahidi hivi. Nitampeleka yule mama Mwanza kila atakapoweza kusafiri, na sitaomba tena chochote kwa ajili ya Luhende, aliyopewa yanatosha. Na mtu yeyote akiniuliza habari zako, awe mtoto wangu au jaji, sitakatiza tena. Nitasema ulivyocheka asubuhi ile, na nitasema pia kwamba ulikufa.

Dada yako,
Minza